Omba Kwanza Musamaha

Ugomvi ukizuka katika kitongoji chetu karibu na mpaka wa Rusizi II, watu hawakimbilii kwa kiongozi wa mtaa. Wanamwita Vénantie, jirani yangu, tunayeuza naye nyanya sokoni. Atakuja, atawakalisha wagomvi, na neno lake la kwanza halibadiliki: "Omba kwanza musamaha. Ukweli tutautafuta nyuma."

Mimi Marguerite nimemwambia mara ngapi kwamba huo ni upuuzi! Anacheka tu. Alilelewa hivyo kule Bukavu, kabla familia yao haijarudi Rwanda. Kwa baba yao, sahani ikivunjika, mdogo alipiga magoti akaomba msamaha, hata kama aliyeivunja ni mbuzi. Kisha walikula, na yakaisha. Kwa ugomvi wa mawifi na majirani, dawa hiyo inaponya, siwezi kubisha.

Lakini polisi si wifi.

Ndizeye, mdogo wake Vénantie, alikuwa akipakia simenti kwenye depo, ghala moja huko Muganza. Magunia yakapotea, naye akafungwa pingu mbele ya wenzake. Habari ilitufikia sokoni tukiwa bado tunapanga nyanya. Vénantie alijifunika uso kwa kitenge.

"Marguerite, siku ya Mungu nitaimba namna gani mbele ya batu?"

Nilikasirika kweli. "Mdogo wako amefungiwa kasho ya polisi, wewe unawaza kuimba korali ya kanisa?"

Tulimpelekea chakula kituoni. Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu wa heshima, sitamsingizia. Alimleta Ndizeye, akarudia mbele yetu kwamba ameshaambiwa anashukiwa kwa kosa gani, kwamba ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kuwa na avoka, yaani wakili, kabla ya kuhojiwa. Asiye na uwezo anaweza kutafutiwa wa bure.

"Nataka avoka," akasema Ndizeye.

"Avoka?" Vénantie aliruka. "Avoka ni ya bezi! Batu bote batasema uliiba. Omba musamaha, mukubwa atakuhurumia, turudi nyumbani."

"Yaya, lakini miye..."

"Nyamaza! Unataka kuniua na haya?"

Ndizeye ana ndevu na ana mke, lakini mbele ya yaya wake, dada mkubwa aliyemlea, bado ni mtoto. Aliinamisha kichwa, akamwambia ofisa kwamba anaomba msamaha kwa ajili ya ile simenti. Ofisa akamuuliza kama anaelewa anachosema, na kama kweli hataki tena avoka. Akajibu ndiyo. Yakaandikwa kwenye dosie, faili yake, akatia sahihi.

Vénantie alikaa pale akingoja wamwachie. Mama wee, yule mwanamke alingoja! Mwishowe ofisa akamwambia kwa upole, "Maman, enda nyumbani. Muntu akishakubali kosa, dosie inaenda parke, kwa bale ba kushitaki, na kisha kwa hakimu." Njia nzima alikuwa akiniuliza, "Lakini si ameomba musamaha?"

Nilimburuta hadi kwa Isimbi, avoka kijana anayesaidia wasio na uwezo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kichwa.

"Maman, avoka si wa wezi. Ni wa yeyote aliyekamatwa. Na kunyamaza si kuficha kosa. Sasa hakimu atauliza kwa nini mtu aombe msamaha kwa kitu ambacho hakufanya. Wewe ndiye unajua. Utasema mbele ya watu?"

Vénantie aliangalia viatu vyake.

Siku ya hakimu, mabenchi yalijaa. Nusu ya korali ilikuwepo, kumwombea au kutazama, Mungu ndiye anajua. Parke ikataka Ndizeye apelekwe gerezani siku thelathini wakati uchunguzi unaendelea, kwa sababu amekubali mwenyewe. Isimbi akasema hakukubali, alisukumwa na mtu wa nyumbani. Hakimu akamuuliza Ndizeye ni nani aliyemsukuma.

Ndizeye alitazama chini. "Hakuna. Ni miye mwenyewe."

Nilimfinya Vénantie pajani kwa nguvu zangu zote. Isimbi akaomba dada yake asikilizwe. Vénantie akasimama.

"Muheshimiwa, huyu anasema uongo. Ni miye nilimwambia aombe musamaha. Alitaka avoka, miye nikamukatalia. Niliogopa haya. Kwetu tunaombaga musamaha hata kwa kitu hatukufanya, ili biishe."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Vénantie alisikia, lakini hakukaa mpaka hakimu alipomwambia akae.

Uamuzi ulisomwa baadaye: uchunguzi uendelee, Ndizeye afuatiliwe akiwa nje, arudi nyumbani. Korali ikapiga vigelegele. Nje, Vénantie alimkimbilia mdogo wake mikono wazi, lakini Ndizeye akabaki amesimama.

"Yaya, nikuulize kitu. Ulifikiri niliiba?"

Machozi yakamtoka Vénantie.

"Sijui, Ndizeye. Sikukuuliza."

"Ndiyo," Ndizeye akasema. "Hata leo bado haujaniuliza."