Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Chumba kipya cha watoto njiti, katika hospitali niliyoanzia kazi hapa Tabora, kilisubiri kitu kimoja: mimi, mpimaji wa maji, nithibitishe kwamba maji yake ni salama. Kile cha zamani kilifurika, watoto wakilazwa wawili wawili, na mganga mfawidhi aliniuliza kila siku, "Bado tu?"

Chuoni nilikuwa nikibishana na kila mhadhiri. Cha ajabu, mwongozo wa kuchukua sampuli sikuwahi kuuhoji. Katika chumba kipya nilivua kipande cha mpira ambacho fundi alikichomeka kwenye bomba ili maji yafike kwenye ndoo, nikafuta bomba kwa spiriti, nikayaacha maji yatiririke dakika kadhaa, ndipo nikakinga. Mhudumu wa wodi, mama wa makamo anayeosha vikombe vya kuwalishia njiti, alinitazama akiwa ameegemea ufagio.

"Mbona umeuvua mpira?"

"Ndio utaratibu, mama."

"Sisi hatuuvui. Wala hatuyasubiri maji. Sasa msomi, hayo unayopima ni maji ya nani?"

Nikamweleza, kwa sauti ya darasani, kwamba mwongozo unataka kujua maji yanayoingia kwenye jengo.

"Haya. Basi watoto watakunywa mwongozo."

Nilirudi nyumbani Chemchem kwa baiskeli nikiwa nimekasirika, nikilirudia swali lake: maji ya nani? Alfajiri nilirudi kabla bomba halijafunguliwa, nikakinga maji ya kwanza kabisa, mpira ukiwa mahali pake.

Majibu yalipotoka, kisahani cha kuoteshea vijidudu cha sampuli ya awali kilikuwa safi. Cha pili kilijaa madoa ya kijani: bakteria wanaozaliana kwenye maji yaliyolala ndani ya mpira, ambao mtu mzima huenda asiwahisi lakini njiti hawawezi kuwahimili.

Nilimpelekea mhudumu kisahani hicho nikitarajia kejeli. Alikitazama, mikono nyuma.

"Na wodi nyingine zenye mipira?"

Hilo nalo sikuwa nimelifikiria. Nimesoma na watu wenye akili sana; sijui wangapi kati yao wangeuliza hivyo badala ya kujisifu. Tulipita naye wodi zote tukivua mipira. Mganga mfawidhi alinuna kwa ucheleweshaji, lakini hakunilazimisha kuthibitisha. Mabomba yalisafishwa kwa klorini, nikapima tena maji ya kwanza, yakawa safi.

Watoto walihamishwa Ijumaa. Mama mmoja, akinawa, alilalamika kwamba maji ya bomba lisilo na mpira yanamrukia hadi kifuani.

"Lowa tu, mwanangu," mhudumu alimwambia, akampa kitambaa.