Kiti Kilichommeza Koko

Ngoja nijicheke mwenyewe kwanza, ili nyie mkianza mnikute nimeshazoea. Aibu niliyoipata sebuleni kwa mama yangu, hapa hapa Kasingirima, mbele ya wanawake waliokuja kuniangalia kama nafaa kuolewa kwao, hata leo ikinijia nikiwa jikoni naweka mwiko chini najifunika uso kwa kanga. Na bora ingekuwa aibu tupu, maana aibu huzoeleka, lakini siku ile iliondoka na kitu ambacho mpaka sasa nakitamani.

Kwa wasionijua, mimi ni Tausi, kazi yangu kupanga samani kwenye nyumba za watu. Nilisomea Dar nikarudi, nina fremu pale Mwanga, na ukinikuta kazini utanikuta na tepu mkononi nawahubiria wateja: kiti kimfuate mkaaji, mkaaji asikifuate kiti, ukikaa miguu ikanyage chini, mgongo upate pa kuegemea, mkono ufike mezani bila kujinyoosha. Nayasema kwa sauti ya mtu aliyeyagundua yeye. Lakini mganga hajigangi, na mimi ndiye shahidi.

Mchumba wangu anaitwa Idi, anauza vipuri vya injini za boti kule Katonga. Alilelewa na bibi yake, mama mfupi, mnene kiasi, aliyevuka ziwa na wazazi wake kutoka upande wa Kongo akiwa msichana, na wote kwao wanamwita Koko, yaani bibi. Mimi bibi zangu sikuwahi kuwaona. Kwa hiyo kila nilipokwenda Katonga na Koko akanishika mashavu akaniita "mutoto wangu", huku mikono inanukia mawese, nilikuwa narudi nyumbani nimejaa, sitaki hata chakula. Nasema kweli, kuna siku nilikuwa namtamani Koko kuliko Idi mwenyewe (Idi anajua, nilimwambia, akanuna).

Sasa kwao wana desturi yao. Wazee wakishaleta barua ya posa, kabla haijajibiwa, wanawake wa upande wa mume wanakuja kula kwa akina binti. Binti anapiga magoti mbele ya bibi, anamnawisha mikono, anamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake. Bibi akiridhika hasemi neno, anatoa kanga aliyokuja nayo, anamzungushia binti kiunoni, anaifunga mwenyewe. Akishafunga, wewe ni wao. Hiyo kanga ndiyo niliyokuwa naitaka, na mikono ile inizunguke.

Wiki moja kabla, Idi akanipigia simu. "Tau, Koko anauliza, hivi kwenu bado mna mkeka?"

Mkeka! Mimi msomi wa sebule za watu, naulizwa kama kwetu tunakalia mkeka! Nikajua tayari tunasemwa Katonga kwamba kwa akina Tausi wageni wanakalishwa chini, na badala ya kuuliza swali moja dogo tu, kwa nini anauliza, nikamjibu Idi kwa madaha, "Mwambie Koko asiwe na wasiwasi, atakaa anavyostahili," nikakata simu nikaingia kwenye picha za mtandaoni.

Nikachagua sofa za rangi ya maziwa, pana, za kuzama, zile ambazo kwenye picha kalala mdada mrefu mwenye miguu isiyo na mwisho. Nikampa fundi picha na vipimo vya kwenye picha (vya mdada, si vya Koko), nikatafuta na meza ya kioo, nzito, ya kukaa katikati. Mama alikuwa na mkeka wake wa ukindu uliotandikwa miaka yote kando ya ukuta, wenye mistari ya zambarau iliyopauka, ndipo yeye na majirani wanapokaa alasiri kuchambua dagaa na kuwachambua watu. Nikaukunja, nikaufungia stoo pamoja na vibao vyote vya kukalia.

"Na mimi nitakaa wapi?" Mama akauliza.

"Kwenye sofa, Mama."

Akakaa ukingoni kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitali. Nikamwambia atazoea. Kitu kingine, na hapa ndipo shetani aliponishika mkono, nailoni zilizokuja na sofa sikuzitoa, nikasema zisije zikachafuka kabla sijazipiga picha za kuwaonyesha wateja (msinitazame hivyo, na nyie kwenu mnazo).

Siku ikafika, bajaji zikafika, vitenge vipya, vigelegele, akashuka Koko na kikapu chake, kanga ikichungulia, nyekundu na nyeupe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaingia akawa anatazama kando ya ukuta, huku na huku, kama anatafuta kitu, na mimi kwa kiherehere changu nikamshika mkono nikampeleka katikati ya sofa kubwa.

Akakaa. Akaendelea kukaa. Alikuwa anarudi tu nyuma, nailoni inalia kwiii, mpaka mgongo ulipopata pa kuegemea miguu ilikuwa imeshaiacha sakafu, inaning'inia, na kandambili moja ikadondoka.

"Eeh, mutoto," akasema, "hii kiti iko inanimeza!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nikamwekea mito mgongoni. Mito ikamsukuma mbele, nailoni ikampokea, akawa anateleza kidogo kidogo na kujirudisha, anateleza na kujirudisha, jasho linamtoka, na mimi nimesimama pale na cheti changu cha chuo nimekitundika ukutani juu ya kichwa chake.

Likaletwa sinia: ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki mgebuka wa mawese, mchuzi mwekundu unang'aa. Nikapiga magoti. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ile meza ya kioo imekaa kati yangu na Koko, haisogei, kwa hiyo nikapiga magoti upande, chini, na yeye yuko juu, mbali, ndani ya sofa. Kumnawisha tu, maji yalimwingia mpaka kwenye kiwiko. Nikafinya tonge, nikalichovya vizuri (nilitaka aone mkono wangu si mchoyo), nikanyoosha mkono, Koko akanyoosha shingo, nikanyoosha tena, akanyoosha tena, vidole vyangu vikaachia. Tonge likaanguka juu ya nailoni na mchuzi wake wote. Koko akaweka kiganja ili ajiinue, kiganja kikakanyaga mawese, basi akaja. Alikuja taratibu kabisa, bila haraka, ananitazama usoni, akashuka kwenye ukingo wa sofa mpaka akakaa kwenye zulia, kati ya sofa na meza, miguu imenyooka chini ya kioo, sote tunaiona.

Shangazi yake Idi akaziba mdomo.

Halafu Koko akacheka. Akaegemeza mgongo kwenye sofa, akachezesha vidole vya miguu, akashusha pumzi ndefu. "Aaa," akasema, "sasa njo nimekaa. Leta mukeka, mutoto. Tukule hapa."

Jamani. Uso wake sasa ulikuwa kimo kimoja na wangu, nimepiga magoti, ananitazama, kikapu kiko jirani na mkono wake. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda stoo tu. Kila nikikumbuka nafika hapo, najiona nainuka, nafungua mlango, narudi na mkeka. Lakini sikwenda.

"Hapana, Koko! Mgeni kukaa chini nyumbani kwetu? Haiwezekani!"

"Tausi," Mama akasema, "msikilize mwenye mwili wake."

Sikumsikiliza mwenye mwili wala mama mzazi. Nikamshika mkono mmoja, nikamwita shangazi ashike wa pili, Koko anasema "hapana kunivuta, hapana kunivuta," sisi tunavuta, tukamkalisha tena juu ya nailoni ile ile yenye mawese, akateleza mara ya pili, na safari hii mguu mmoja ukabanwa na meza. Hakucheka tena. Alifumba macho akasema neno moja, "Goti."

Shangazi akasimama akajifunga mtandio vizuri. "Nyumba imemtupa bibi mara mbili," akasema, "mnataka tungoje ya tatu?"

Wakambeba mpaka kwenye bajaji. Nilitoka nikakimbia nyuma yao na mikono imejaa mawese, mtaa mzima umesimama milangoni, na kitu cha mwisho nilichokiona ni kikapu kimepakatwa na shangazi, kanga iko ndani, imekunjwa vile vile. Niliporudi, Mama alikuwa ameshafungua stoo, ametandika mkeka mahali pake.

"Yule bibi alikuwa anautafuta huu," akaniambia. Nikakaa pembeni yake nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Jioni Idi akaja. Hakugomba, na heri angegomba. Akanieleza kwamba magoti ya Koko hayakunjiki vizuri siku nyingi, raha yake ni mkeka, mgongo ukutani, miguu mbele, na kwamba tangu wajukuu wajaze nyumba ya Katonga masofa hajakaa akatulia. Ndiyo maana aliuliza. Alikuwa na hamu ya kuja kwetu kukaa.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nilikuuliza, Tau. Hukuuliza kwa nini."

Goti likawa zito kupona, wanawe walioko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, wakaja kumchukua wamuuguze huko, Idi akavuka naye. Posa haikukataliwa wala haikujibiwa, wazee wanasema tungoje mwenye kanga apone. Mtandao ukiwa mzuri Idi ananipigia. Ukiwa mbaya nashuka Katonga, najifanya nanunua dagaa, boti za ng'ambo zikishusha abiria natazama kama kuna mama mfupi wa vitenge. Mvua ikishanyesha anga likatakata, milima ya kule inaonekana, na mimi namkumbuka, namkumbuka hasa, mpaka muuza dagaa ananiuliza, dada, unanunua au hununui?

Sofa zilikwenda kwenye nyumba moja ya wageni mjini, vijana wanalala juu yake na simu zao, zinawafaa. Siku hizi mteja akija, hata tepu siitoi kwanza. Namuuliza: mkiwa peke yenu, hakuna mgeni, mnakaaje? Wengi wanaona haya kunijibu, nami nawangoja. Nailoni sitaki kuiona, na mtu akiniambia "hapa nimekaa vizuri", hata awe amekaa juu ya kinu, sitamwinua tena maishani mwangu.

Juzi juzi Idi alimpa Koko simu. Sauti ilikuwa inakatika.

"Mutoto wangu, mukeka uko?"

"Upo, Koko. Umetandikwa."

"Basi unichungie pa ukuta."

Kwa hiyo nalinda. Kila alasiri majirani wanakuja na nyungo zao za dagaa, wanajaa mkeka mzima, ila pale ukutani nimepaacha wazi. Jana alikuja mama mmoja kutoka Simbo, ametuletea muhogo, amechoka, akataka kuegemea pale. Nikamwambia, "Samahani, mama, hapo pana mtu."

Akautazama ukuta, akanitazama na mimi, akasogea.