Mke Wangu Mteka Ndege

Mke wangu huteka ndege kila wiki, na mwisho wa mwezi analipwa mshahara. Majirani wameshazoea. Akitoka asubuhi na mkoba wake begani, mama wa nyumba ya pili humuuliza, "Leo unateka?" naye hujibu bila kugeuka, "Nateka, mwenzangu, niombee nisishikwe."

Ndege yenyewe haina mabawa. Ni kiwiliwili cha ndege kuukuu kilichowekwa juu ya nguzo za zege ndani ya bohari, nyuma ya uwanja wa ndege, kwenye chuo kinachofundisha marubani na wahudumu. Mimi ni fundi wa hapo. Viti vikilegea ninavikaza, taa zikiungua ninabadilisha, na mlango wa chumba cha rubani, ambao mke wangu huupiga mateke kana kwamba umemkosea, ninautengeneza kila anapomaliza. Wanaume wenzangu husema wake zao wanawapa kazi. Mimi wa kwangu ananipa kazi kweli, na vipuri naagiza.

Zamani alikuwa mhudumu wa ndege, mpaka magoti yalipokataa. Enzi zake mlango wa rubani ulikuwa unaachwa wazi ili hewa ipite. Alikuwa anawapelekea marubani chai, na watoto wa abiria waliletwa kuonyeshwa taa. Siku moja abiria mmoja mwenye tai aliinuka, akaingia mle ndani, akamwekea rubani mkono begani, akauliza watatua saa ngapi maana amechelewa kikao. Akajibiwa, akashukuru, akarudi kukaa. Kila anayesikia kisa hicho hucheka, isipokuwa mke wangu. "Hakuna kilichotokea," husema, "kwa sababu tu bwana yule alikuwa na adabu. Roho za watu wote mle ndani zilikuwa zimeshikiliwa na adabu ya mtu mmoja. Na nyinyi mnacheka."

Basi chuo kilipotafuta mtu wa kuigiza mteka nyara, alijitokeza yeye. Walitarajia kijana mwenye misuli. Wakampata mama wa makamo mwenye viatu vya kamba.

Hapigi kelele kama wanavyopiga vijana wakiiga sinema. Asubuhi hunywa chai na wanafunzi, anawauliza habari za kwao: nani alikulea, mdogo wako anasoma wapi, bibi anaendeleaje. Wao wanamwona mama mwema. Mchana ukifika, kila mmoja akiwa kwa zamu amejifungia chumba cha rubani, yote waliyomwambia yanawarudia kupitia mlangoni. Aliyelelewa na bibi anasikia habari za bibi. Mwenye mchumba anasikia mchumba analia. Masharti ya zoezi ni mepesi kuyasema: mlango haufunguliwi mpaka ndege itue. Haufunguliwi kwa kisu, haufunguliwi kwa kilio, haufunguliwi kwa mtu yeyote. Kisu chake ni cha mti, nilikichonga mimi nikakipaka rangi ya fedha, na nimeshawaona vijana wenye vifua vipana wakikitetemekea.

Kisha mtoto wetu wa mwisho akajiunga na chuo.

Jina lake la nyumbani ni Kitinda, na hata chuoni walimwita hivyo hivyo. Alikuwa mzuri darasani kiasi kwamba Kapteni, mwalimu mkuu wa pale, mzee mwenye masharubu meupe ambaye hasifu hata chakula cha mkewe, alimsifu mbele za watu. Kampuni moja ya ndege ilikwisha kumwekea nafasi ya rubani msaidizi. Kilichobaki ni zoezi la mlango. Ukifeli unarudia mara moja, ukifeli tena unakwenda kutafuta kazi nyingine. Mimi nilidhani mlango utakuwa jambo dogo. Mtoto amekulia nyumba moja na mteka nyara, ataogopa nini?

Siku hiyo nilikuwa nyuma ya ndege nikibadilisha taa. Kitinda alijifungia chumba cha rubani peke yake, kama zoezi linavyotaka. Mama yake akaanza: akapiga mlango, akatukana, akadai wapeleke ndege huku na kule. Kimya. Akalia kwa sauti ya msichana anayekabwa. Kimya. Nikatabasamu, nikasema moyoni, dume hilo. Mara naye akanyamaza. Kisha akachukua simu ya ndani iliyo kando ya mlango na kusema kwa sauti ndogo kabisa, sauti ya jikoni kwetu:

"Kitinda. Presha imepanda. Siigizi, mwanangu."

Taa ilinitoka mkononi. Presha anayo kweli, vidonge vyake viko juu ya friji. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia wakati mlango unafunguka na Kitinda anatoka, kichwa kikitangulia. Mama yake alikuwa amesimama wima, mzima wa afya, akamwekea kisu cha mti shingoni.

"Umeshakufa," akamwambia. "Wewe na wote waliokaa nyuma yako."

Kapteni alikuwa kiti cha mbele cha abiria. Akajikuna masharubu, akatazama dari, akanitazama mimi. "Fundi," akasema, "kile kitasa si ulisema kinasumbua?"

Mtu akikutupia kamba nawe unazama, huulizi imesokotwa na nani. "Kinasumbua sana, Kapteni," nikasema. "Kuna wakati kinajifungua chenyewe."

Mke wangu akanigeukia. "Baba watoto," akasema, "kitasa hicho umekibadilisha juzi, ukarudi nyumbani ukajisifu mpaka chakula kikapoa." Kisha akamgeukia Kapteni. "Kitasa ni kizima. Aliyefungua ni mwanangu. Amefeli."

Nilimchukia wakati ule. Nasema kweli, nilimchukia.

Nyumbani palikuwa hapakaliki. Kitinda alisimama mlangoni pa jikoni, hataki kuingia, hataki kuondoka. "Mama, ningejuaje kama si kweli?"

"Hata ingekuwa kweli."

"Yaani nikuache ufe?"

"Niache nife." Alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua macho. "Mimi ni mmoja. Ukinifungulia mimi, umemfungulia na aliye nyuma yangu."

Kitinda akaenda kulala kwa rafiki yake. Kesho yake akaja dada yangu mkubwa, shangazi yake Kitinda, hata hodi hakupiga. Dada yangu amesafiri kwa ndege mara moja tu, na tangu siku hiyo ni mtaalamu.

"Wifi," akaanza, "uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe umeutupa wapi? Unautumia ugonjwa wako kumtega mtoto!"

"Mteka nyara naye atatumia ugonjwa. Ulidhani atakuja na bango?"

"Mteka nyara yupi? Ndege zinatekwa siku hizi? Mimi pale uwanjani nilivuliwa viatu, nikavuliwa mkanda, nikapitishwa kwenye mashine, wakanipapasa mpaka nikaona haya. Wamechukua hadi manukato yangu. Huyo mtu wako atapita wapi? Mambo hayo yalikwisha zamani."

"Nyumba yako iliibiwa lini mara ya mwisho, wifi?"

"Haijawahi kuibiwa, namshukuru Mungu."

"Na usiku unaacha mlango wazi?"

Mke wangu hakumwachia nafasi. "Hazitekwi kwa sababu kila mahali kuna mtu anayekataa. Kijana wa mashine anakataa chupa yako, wewe unanuna. Anayekagua vitambulisho anakataa tabasamu la mkubwa asiye nacho. Lakini wote hao ni binadamu, siku moja mmoja atachoka, au atamwonea mtu haya, au mbaya mwenyewe atakuwa na kitambulisho cha kazini. Itatokea tena. Leo, kesho, wajukuu zetu wakiwa wazee, sijui, lakini itatokea. Mashine inaona kisu. Haioni ulimi. Ukishapita huko kote, kinachobaki ni mlango, na nyuma ya mlango kuna mtoto wa mtu. Nataka huyo mtoto asiwe na huruma ya kijinga."

"Damu ni nzito kuliko maji," akasema dada yangu.

"Ndiyo maana inamwagika kirahisi," mke wangu akajibu. "Na mchelea mwana kulia hulia yeye. Chukua kiti, wifi, chai iko tayari."

Alikunywa chai, lakini alikunywa kwa hasira.

Kapteni naye akaniita pembeni kazini. Alikuwa amefikiria: kwenye marudio watamleta mtu mwingine kuigiza, kijana wa stoo, sauti nene, hana undugu na mtu. Haki itendeke. Nilimshukuru nusura nimbusu mkono. Nikampelekea mke wangu habari hizo kama mtu aliyeleta nyama nyumbani.

Akavaa viatu vyake vya kamba saa hiyo hiyo, akaenda ofisini kwa Kapteni, nami nikimfuata nyuma nikimwomba apunguze sauti. Hakupunguza. Akasimama mbele ya meza ya mzee yule.

"Kila mwanafunzi hapa nimemchimba mpaka nikajua anampenda nani, kisha nikamlilia kwa sauti hiyo. Watoto wa wenzangu wametoka mle ndani wakitapika, nikawaambia ni kwa faida yao. Leo ni wa kwangu, ndiyo tunaleta kijana wa stoo? Kapteni, ukimpitisha mwanangu kwa mlango wa uani, mimi sirudi hapa tena, na nitawaambia wote kwa nini."

"Mama, atafeli," Kapteni akasema kwa upole. "Sauti yako anaijua tangu tumboni."

"Basi na afeli. Kazi ziko nyingi ambazo ukiwa na moyo laini huui mtu."

Kapteni akakubali. Nani angekataa? Tulirudi nyumbani. Nilipoona anameza kidonge bila maji, ndipo nilipojua kwamba yeye pia hakuwa na usingizi.

Siku ya marudio nilikuwa pale pale mlangoni na bisibisi yangu, kwa sababu siku iliyotangulia mke wangu alikuwa ameulegeza ubao wa chini kwa mateke. Kitinda alipita akaingia ndani bila kumwamkia mtu. Nikasikia komeo limekaa. Nikajisogeza pembeni nimpishe mwenye shughuli.

Mke wangu hakuugusa mlango. Alinikamata mimi, ukosi wa shati, akanisukuma mpaka uso wangu ukawa mbele ya kitundu cha kuchungulia kilicho mlangoni, na kisu cha mti kikanikaa chini ya kidevu.

"Mwite," akaninong'oneza. "Mwite kwa moyo wako wote. Ukimhurumia, nitajua."

Ilikuwa kazi rahisi, ukiifikiria. Niite kwa uvivu kidogo, nicheke kidogo, mtoto ajue ni mchezo, afaulu, twende nyumbani. Nilifungua mdomo nikiwa na nia hiyo hasa. "Kitinda," nikasema, "fungua, baba yako nimetekwa," na hata masikioni mwangu ilisikika kama tangazo la sokoni.

Kisu kikasukumwa. Mti nao unauma.

Nikautazama mlango. Mlango huo nimeufunga kwa mikono yangu, kila skrubu naijua. Najua kwamba kutoka nje haufunguki, hata nije na nyundo na wanaume wenzangu. Miaka yote nimeutengeneza nikiwa upande salama, upande wa fundi. Sasa nilikuwa upande wa pili, na ndani yuko mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Sijui nini kilinipata. Nilipiga mlango kwa viganja. "Kitinda, mwanangu, nifungulie! Ananiua! Nifungulie, baba, nakuomba!" Sauti ilinitoka mahali nisipopajua, na machozi yakafuata. Nikaita tena na tena. Sikuwa naigiza kitu. Nilikuwa nataka afungue.

Kisha ile simu ya ndani ikakwaruza.

"Baba."

"Nipo! Nipo hapa!"

"Baba, nisamehe. Sifungui."

Ikakwaruza tena, sauti yake ikiwa imepasuka lakini kila neno likisikika. "Abiria wote wabaki vitini. Tunajiandaa kutua."

Mtoto wangu mwenyewe alininyima mlango. Iliniuma kama kofi, na papo hapo nilimwonea fahari mpaka nikateleza chini nikakaa sakafuni. Mke wangu alikuwa ameshaniachia ukosi. Aliendelea na zoezi peke yake, akapiga mateke, akatukana, akahesabu waliokufa, mpaka Kapteni akainua mkono kuonyesha kwamba ndege imetua.

Mlango ukafunguka polepole. Kitinda alisimama hapo, shati limemganda mwilini, macho mekundu. Aliniona sakafuni, akanipapasa shingo kwa haraka, akaangalia vidole vyake kama vina damu.

Mama yake akamuuliza, "Ulijua ni mchezo?"

Kitinda hakumtazama. Alikuwa bado ananitazama mimi.

"Mwanzo nilijua," akasema. "Baba alipolia, sikujua tena."

Mke wangu akakaa kwenye kiti cha abiria kilichokuwa karibu, akakiweka kisu mapajani, akamgeukia Kapteni.

"Mpeni ndege," akasema.