Wimbo wa Mwiko

Harufu ninayoikumbuka zaidi ya msimu ule ni ya ugali ulioungua chini na kubaki mbichi juu. Leo nina stashahada ya ujenzi, na nyumba niliyojichorea ramani mwenyewe hapa Bariadi wapita njia huonyeshana kwa vidole. Sikubebwa na mtu. Lakini wakati ule nilikuwa binti wa darasa la tatu, nikila ugali wa baba kwa kuumeza bila kutafuna. Mama, tuliyemwita mayu, alikuwa ameondoka. Mbele ya wageni baba alimwambia kwamba ugali ni unga na maji tu, mkono wowote unausonga. Mayu alikunja kanga zake, akarudi kwao Nkololo. Wajomba wakaleta neno: baba asipokwenda mwenyewe kuomba radhi kabla ya mvua za kwanza, ng'ombe wa mahari watarudishwa na ndoa imekwisha. Baba akanuna. Alisonga ugali, akaulaumu mwiko, akachonga mwingine mpana kama jembe, akaulaumu na huo. Hatukuthubutu kucheka.

Kwetu, pamba ikishavunwa, vikundi viwili vya ngoma hupambana katika uwanja mmoja, kila kimoja kikivuta watazamaji upande wake. Anayewavuta ni manju, mtunzi wa nyimbo, na manju anapokosoa hataji jina la mtu. Huimba kosa tu. Atakayekasirika amejitaja mwenyewe, na aibu hiyo itamfuata hadi kaburini.

Siku ya ngoma ya mwisho baba alinishika mkono, fimbo ya ng'ombe ikiwa mkono wake wa pili. Vumbi lilikuwa jekundu, ngoma zikitetemesha kifua. Manju akaimba habari za mwanamume aliyefukuza jiko lake, akabaki kugombana na mwiko: mwiko mbaya, mwiko mvivu, unga mbichi, kosa la mwiko! Watu wakaangua kicheko, na baba akawashinda wote.

"Mjinga gani huyo!" alisema, machozi yakimtoka.

Nyani haoni kundule. Shangazi, dada yake baba aliyesimama kando yetu, akaninong'oneza, "Mwanangu, angalia mbele."

Ndipo mwanamke mmoja nyuma yetu akapaza sauti: "Manju, mwiko wenyewe si ule mpana kama jembe?"

Kicheko cha baba kilikatika. Vidole vyake vilinibana hadi nikauma midomo. Watu walitupisha nafasi, nyuso zote zikatugeukia. Nilijua kwamba akiinua ile fimbo, au akigeuza mgongo tu, kiburi hakitamruhusu tena kufika Nkololo, na mayu nimempoteza.

"Manju!" baba aliita. Ngoma zikanyamaza. "Rudia hapo kwenye mwiko."

Manju alisita, akarudia polepole. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Umewaacha watoto," alisema. "Wanameza bila kutafuna. Watie na hao."

Hakuna aliyecheka. Kesho yake alfajiri alichukua baiskeli akaenda Nkololo. Jioni tukamwona anarudi akiisukuma, mzigo wa kanga umefungwa nyuma, na mayu akitembea mbele yake bila kugeuka.

Katekista alikuwa amemshauri, wazee walikuwa wamemkalisha kikao, na maneno yao yote yalimteleza kama maji juu ya jani la mgomba. Wimbo ulimwingia kwa sababu alikwisha kumcheka yule mtu kabla ya kumtambua.

Nimezunguka miji mingi, nimerudi na jina langu. Mwaka huu nilisimama mstari wa mbele uwanjani. Manju wa sasa, kijana anayerekodiwa kwa simu kila upande, aliniimba ubeti mzima: nyumba, gari, stashahada. Yote ni kweli, na nilistahili. Alipopumzika nilimwendea.

"Niimbe na mabaya yangu," nikamwambia.

"Haa, mayu, wewe tena!" alicheka. "Una baya gani?"

Nyuma yake wenzake walitazamana, mmoja akanong'ona, "Sikubebwa na mtu!" akaziba mdomo kwa kiganja. Nilirudi kwenye nyumba yangu nzuri bila kujua wananicheka nini.