Jeep Iliyopanda Kinyumenyume

Siku hizi fundi ni mtu wa kufungua katoni. Giaboksi ikilia, anaagiza nyingine, na ile ya zamani anaitupa bila hata kuichungulia ndani. Kitheka hakuwa fundi wa namna hiyo.

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, alibaki peke yake katika gereji ya shamba la kahawa nje ya Ruiru. Wenzake wawili, Wakikuyu, walizolewa na askari wakapelekwa kambini. Yeye Mkamba akaachwa. Ndipo giaboksi ya jeep ya shamba ikapasuka upande wa nyuma, pale nguvu inapogawanywa kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Bila jeep hakuna gari lingine lililoweza kupanda matope kutoka kwenye pampu ya mtoni.

Meneja alitaka kumwita fundi Mzungu kutoka Thika. Kitheka akasema kazi hiyo ataifanya yeye. Nyuma ya stoo palikuwa na lori bovu la jeshi, na boksi yake ya kugawa nguvu ilikuwa nzima, yenye gia ya mlima nzito kuliko ya jeep. Angeiunga na gia za jeep zilizosalia. Meneja alicheka, kisha akaweka sharti mbele ya watu: Jumamosi jeep ipande kutoka mtoni na mapipa mawili ya maji. Isipopanda, Kitheka akabidhi spana na kushika jembe.

Alitandaza gunia, akapanga kila gia kwa mfuatano ilivyotoka. Hakuna aliyeruhusiwa kuliruka gunia lile. Alihesabu meno kwa kidole na chaki, mara mbili. Hakuizungusha boksi hata kidogo, kwa sababu Kalasinga aliyemfundisha kazi huko Thika alimkataza kuzungusha gia kavu. Oili ilitiwa baada ya kila kitu kufungwa chini ya gari. Mafundi wa zamani walikuwa na adabu hizo, na hiyo ya kutozungusha ndiyo iliyomponza.

Ijumaa jioni alitia gia ya kwanza, jeep ikarudi nyuma. Ya pili, nyuma. Ya tatu, nyuma. Gia ya kurudi nyuma peke yake ndiyo iliyokwenda mbele, lakini hiyo ilichomoka kila ilipolemewa. Boksi ya lori ilikuwa inageuza mzunguko, jambo ambalo angeliona kama angeizungusha kwa mkono, na ekseli za jeep hazikuundwa kwa boksi hiyo.

Opiyo, dereva wa trekta, alishika kiuno akicheka. "Omera, gari lako limeuona mlima likaupa mgongo."

Kuzigeuza ekseli zote mbili ili gari liende mbele kulihitaji siku nzima, na siku hiyo Kitheka hakuwa nayo.

Asubuhi alifika mtoni, mapipa yakapakiwa yakafungwa kwa kamba. Meneja alikuwa amesimama juu ya kilima, wafanyakazi wamejaa kando ya njia. Kitheka akageuza jeep, pua ikaelekea majini. Akatia gia ya kwanza pamoja na ile nzito ya lori, akageuza shingo, akaachia klachi taratibu. Jeep ikaanza kupanda kinyumenyume. Magurudumu manne yalitafuna matope. Katikati iliteleza kidogo. Akashika usukani bila kuongeza moto, ikashika tena. Ilipofika juu, maji yaliyomwagika hayakujaza kopo.

Meneja alikuwa mwekundu kwa hasira. Akasema huo ni mchezo wa sarkasi, gari halipandi hivyo.

"Bwana, ulisema ipande," Kitheka akamwambia. "Hukusema itazame wapi."

Opiyo ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Meneja akatangaza kwamba Jumatatu fundi wa Thika atakuja kuinyoosha kazi hiyo, na akanyoosha mkono apewe spana. Kitheka aliutazama mkono ule.

"Nimeiunganisha mimi, nitaigeuza mimi. Kesho jioni itakwenda mbele."

Hakungoja jibu. Alitandika gunia kwenye matope, akaingia chini ya jeep iliyokuwa bado moto, akaanza kulegeza bolti ya kwanza ya ekseli. Meneja alikuwa bado anasema.