Sahani za Ukutani

Nikisikia harufu ya majivu yaliyolowa, naiona sebule yetu mjini Baraka, kando ya ziwa. Mama alikuwa ametundika sahani za alumini ukutani kama mapambo, na kila Jumamosi tulizisugua mpaka zing'ae. Vita vilipokaribia na askari kuanza kupita, alituletea bakuli la majivu na maji.

"Mupake zote, batoto. Zikiwaka hivi, basoda bataziona tokea njiani, baingie kuiba."

Nililia. "Mama, itakuwa mubaya!"

Tulipomaliza, ukuta mzima ulikuwa wa kijivu. Mama alirudi nyuma, akautazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu.

"Angalia. Iko sawa na ziwa asubuhi."

Kesho yake tulikimbilia boti ya kwenda ng'ambo ya ziwa. Kabla ya kufunga mlango, mama aliifagia sebule yote.