Supu ya Mwani Siku ya Mtihani

Mtihani wa watu wazima wa kumaliza shule ya msingi uliangukia siku ya kuzaliwa ya Pil-nyeo, bibi muuza samaki wa Busan, Korea. Balaa hilo! Kwa desturi ya huko, siku ya kuzaliwa lazima unywe supu ya mwani; siku ya mtihani huigusi, kwani mwani unateleza, nawe utateleza ufeli.

Mkwewe, Eun-seo, alimkuta jikoni akipakua supu hiyo.

"Mama! Unajitakia kufeli? Kula keki ya mchele, inanata, nawe utanata ufaulu."

"Mpe mumeo. Alikula keki hizo zikamganda menoni, na akafeli mara mbili."

"Lakini Mama..."

"Lakini nini? Siku baba aliponitoa shule ili kaka asome, nilikuwa nimekunywa supu gani?"

Bibi akamaliza bakuli, akafuta mdomo, akavaa viatu. Nje, mvua ilikuwa imelowesha ngazi ndefu zinazotoka mtaani kwao mlimani hadi bandarini.

"Basi nikushike mkono, Mama. Panateleza."

"Niache! Ngazi hizi nimezishuka ujana wangu wote na beseni la samaki kichwani. Leo nina penseli tu."